Kulea Mche wa Sekwoya

Mtu akikuonyesha mbegu ya sekwoya hutasadiki habari zake. Ni bapa na nyepesi mno. Mbegu kama 200,000 ndizo zifikazo uzito wa kilo moja. Lakini huko California, Marekani, katika milima ya Sierra Nevada, mbegu ya namna hiyo ilizaa mti uitwao General Sherman, wenye urefu wa mita 83, na mzunguko wa shina chini ni mita 31. Wanafunzi ishirini washikane mikono ndipo wauzunguke! Mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki ni ndugu yake wa mbali.

Watu wa Marekani, na wa Uingereza pia ambako mbegu zilifika mwaka 1853, hulea mche wa sekwoya nyumbani. Mti huu ukikomaa huishi hata miaka 3,000. Lakini ukiwa mchanga hufa kwa jambo dogo.

Kwanza, mbegu. Msituni matunda yake magumu hukaa mtini yamefumba miaka mingi. Moto upitapo chini, joto huyakausha, yakafunguka, na mbegu zikaangukia udongo ulio wazi. Nyumbani mbegu hulowekwa usiku mmoja, zikawekwa katika jokofu kama mwezi, mfano wa majira ya baridi, kisha hupandwa juu juu katika udongo wa kichanga usiotuamisha maji.

Pili, maji. Hapa wengi huua mche kwa mapenzi. Humwagilia asubuhi na jioni. Mizizi hukosa hewa ikaoza, na ukungu hula shina. Tia kidole katika udongo: ukiwa mkavu juu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu. Ukiwa na unyevu, ngoja. Lakini usiuache ukauke kabisa.

Tatu, mahali. Usiufungie ndani ya nyumba. Wataka jua, hewa na baridi. Katika joto la pwani hautastawi. Wakati wa baridi kali majani ya mche huweza kugeuka rangi ya shaba, na wengine huutupa wakidhani umekufa. Kumbe joto likirudi, nao hurudi kijani.

Nne, nafasi. Chungu kikiwa kidogo, hamishia mche katika kikubwa zaidi, na mwishowe uupande mbali na nyumba.

Mwaka 2020 na 2021 mioto mikali kupita kiasi iliua maelfu ya sekwoya wakubwa huko California. Mche wa leo hauwezi kulipa mti wa miaka 2,000. Lakini hata huo ulianza kwa mbegu nyepesi. Apandaye hatauona ukubwa wake. Kazi yake ni kuuvusha miaka ile michache ya hatari, na kidole katika udongo ndicho chombo chake cha kwanza. Nasi tukijaribu kidole hicho katika miche ya bustani yetu, michache zaidi itakufa.