Padre aliyeusoma waraka wa Papa hadi mwisho

Mei 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum, na ndani yake mna mambo ambayo wenye viwanda Wakatoliki wa Ubelgiji wasingependa yasomwe kwa sauti: mfanyakazi ana haki ya ujira unaomtosha kuishi, ana haki ya kuunda vyama, na serikali haina ruhusa ya kumtazama tu mnyonge akiumia. Waraka wa Papa haukataliwi hadharani. Hupokelewa kwa heshima zote, kisha hufungiwa kabatini.

Katika mji wa Aalst, eneo la Flanders, Padre Adolf Daens aliuchukua kana kwamba Papa alimaanisha alichoandika. Alizaliwa hapo hapo mwaka 1839, na mdogo wake, Pieter, alikuwa mchapaji wa magazeti, kwa hiyo maneno yake yalifika mbali kuliko mimbari.

Aalst iliishi kwa viwanda vya nguo. Hewa ya humo ilijaa vumbi la pamba. Uzi ukikatika, uliungwa haraka huku mashine ikizunguka, na kazi hiyo, pamoja na kufagia chini ya mashine, ilifaa zaidi vidole na miili midogo. Sheria ya 1889 ilikataza kuajiri watoto wa chini ya miaka 12. Aliyetimiza miaka 12 aliruhusiwa kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku: saa moja kwa kila mwaka wa umri wake. Na hiyo ndiyo sheria iliyokuja kumhurumia. (Ni Ubelgiji ile ile ya Mfalme Leopold II, aliyeimiliki Kongo kama shamba lake binafsi. Unyonyaji haukuanzia ng'ambo.)

Mwaka 1893 wafuasi wa Daens waliunda chama cha Christene Volkspartij (Chama cha Kikristo cha Wananchi). Mwaka huo huo wanaume wote waliotimiza miaka 25 walipewa kura, ila maskini alipata moja, na mwenye mali au elimu aliweza kupata hadi tatu. Hata kwa mizani hiyo, Desemba 1894, baada ya duru ya pili, padre aliingia bungeni. Aalst ilikuwa ngome ya Charles Woeste, kiongozi wa Wakatoliki wahafidhina, na hapo ndipo kosa la Daens lilipozaliwa.

Tuwatendee haki wapinzani wake: hofu yao haikuwa ya bure. Wasoshalisti walikuwa wamepata viti 28 katika uchaguzi huo, na kura za Wakatoliki zikigawanyika, wao ndio wangevuna. Lakini hofu ya viti ilivalishwa joho la utii. Daens hakufundisha uzushi wowote, ila kufikia 1899 Askofu Stillemans wa Ghent alikuwa amemzuia kuadhimisha Misa na hata kuvaa kanzu. Alirudi bungeni mwaka 1902, safari hii kupitia Brussels, akiwa na nguo za raia.

Alifariki Aalst mwaka 1907. Kura moja kwa kila mwanaume, aliyoipigania, ilitumika Ubelgiji kwa mara ya kwanza mwaka 1919, na Kanisa halikulazimika kufuta hata mstari mmoja wa mafundisho yake.