Kibali Kilichokosekana ni Aibu ya Nyumba

Wiki hii tunapenda kuzungumza na aila zetu juu ya jambo ambalo darsa zetu huligusia kwa nadra, ilhali linahusu mali kubwa kuliko zote ambazo wengi wetu tutapata kuzishika katika umri wetu: kununua nyumba iliyokarabatiwa au kuongezwa bila ya kibali cha ujenzi. Fiqhi ya biashara tunayoisomesha imejaa mifano ya ngano, tende na ngamia. Ghorofa iliyoota juu ya nyumba ya chini huko Kisauni, Majengo au Likoni haikutajwa vitabuni, lakini hukumu yake imo.

Swali lenyewe tuliletewa na mama mmoja mjane, ambaye hatumtaji wala hatuutaji mtaa wake. Alikusanya fungu lake la mirathi, akauza bangili zake za dhahabu, akanunua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na ua nyuma, ambayo juu yake palikuwa pameongezwa ghorofa moja. Kuta zilikuwa na rangi mpya, sakafu ina vigae vinavyong'aa, nyaya za umeme zimetiwa upya. Nia yake ilikuwa akae chini pamoja na wanawe, na kodi ya juu iwalishe. Hata miezi mitatu haijatimia, maafisa wa kaunti wakaja wakachora alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani na kumkabidhi ilani, kwamba ghorofa ya juu haina kibali, na ama aonyeshe karatasi zake ama aiondoe. Alipomwendea muuzaji, jawabu lilikuwa fupi: "Mama, ulinunua kama ulivyoiona."

Kwa rai yetu jawabu hilo halisimami, si katika dini wala katika uungwana.

Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye chakula akasema ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka kile kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tuangalie kwamba yule mtu alikuwa na udhuru wa kweli, kwa kuwa mvua hakuileta yeye. Udhuru haukumfaa, kwa sababu hakulaumiwa kwa unyevu bali kwa kutanguliza kikavu juu. Vivyo hivyo muuzaji wa nyumba yamkini hakuijenga ghorofa ile yeye mwenyewe. Huenda aliinunua hivyo, au aliirithi hivyo. Hilo halimpunguzii wajibu wa kusema, maadamu anajua.

Wapo watakaouliza: karatasi ni ya serikali, yaingiaje katika aibu za nyumba? Aibu si ufa, si bati linalovuja, si mchwa? Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi'i wameifasili aibu kuwa ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake, kwa namna inayoharibu lengo sahihi la mnunuzi, ikiwa kawaida ya vitu vya jinsi hiyo ni kutokuwa nacho. Nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuamrishwa aivunje nusu yake imepungua thamani, na lengo la mjane yule la kupata kodi limeharibika. Mwenye shaka na ajiulize swali moja kwa siri ya moyo wake: lau mnunuzi angalijua kwamba hakuna kibali, angalilipa bei ile ile? Akijijibu kwamba asingalilipa, basi ameshaijua aibu yake.

Kuna mwenzetu mmoja, mtu wa elimu, aliyetuletea hoja nyingine iliyotufikirisha. Alisema kwamba katika mitaa yetu nyumba nyingi zimeongezwa bila ya kibali, basi kukosa kibali ndiyo kawaida, na jambo la kawaida haliwi aibu. Hoja hii ina sura ya fiqhi, lakini tuliyoyazoea ni kutouliza, wala hatukuzoea kuridhika. Watu hao hao ukiwapeleka mbele ya nyumba yenye alama ya X hawatoi hata nusu ya bei. Aidha, ada iliyojengwa juu ya kuvunja kanuni iliyowekwa kulinda roho za watu si ada ya kutegemewa katika hukumu.

Nasi twasema roho za watu kwa makusudi, kwani nyuma ya muhuri kuna hesabu ya uzito. Nyumba za kale za pwani yetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikalazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizoamua upana wa chumba, aghalabu chini ya mita tatu, kwa kuwa mti wenyewe haubebi zaidi. Kuta zile ni nene, lakini hazina nondo. Fundi wa leo huja akang'oa boriti na kumwaga zege. Zege la chumba kimoja cha mita 3 kwa 5, lenye unene wa sentimita 15, lina uzito wa zaidi ya tani tano, kabla ya kuta za juu, kabla ya tangi la maji la lita 1,000 ambalo peke yake ni tani moja, na kabla ya wapangaji na makabati yao. Nani aliyepima iwapo ukuta wa chini na msingi wake vyaweza kuubeba mzigo huo? Ikiwa ramani haikupita kwa mhandisi wala kwa kaunti, huenda hakuna aliyepima.

Ukarabati nao una hila yake ya kimya. Ukuta wa matumbawe hupumua kwa chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungika ndani, na baada ya muda lipu huanza kufura na kumenyuka. Rangi mpya huficha jambo hilo kwa msimu mmoja tu. Kadhalika ukuta wa kati ulioondolewa ili sebule iwe pana, pengine ndio uliokuwa ukishikilia dari. Hatusemi kila nyumba iliyopakwa rangi ina hila, la hasha. Twasema kwamba lile lundo la chakula nalo lilikuwa kavu juu.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la makazi liliporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Lilikuwa karibu na mto, na lilikwisha kutajwa miongoni mwa majengo yasiyofaa kukaliwa. Wengi wa waliokuwa ndani walikuwa wapangaji, watu waliolipa kodi yao na kulala.

Ama sheria ya nchi, msomaji aijue kwa muhtasari. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamkataza mtu kuanza ujenzi katika kaunti bila ya idhini ya kaunti hiyo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Linalowashangaza wengi ni kwamba ilani ya kaunti yaweza kupelekwa kwa mwenye nyumba au hata kwa anayekaa ndani, si kwa aliyejenga peke yake. Kwa hivyo anayenunua hununua na ilani ambayo bado haijaandikwa. Kwa wakaazi wa Mji wa Kale wa Mombasa na wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kuna jicho la pili, nalo ni la Makumbusho ya Taifa, kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Huko hata kubadilisha mlango au baraza ya nje si jambo la kuamua na fundi peke yake.

Pwani tuna fumbo jingine ambalo wenzetu wa bara hawalijui sana, nalo ni nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, kiwanja ni cha mwengine, nawe hulipa kodi ya ardhi. Nyumba za namna hii huuzwa kila siku mjini Mombasa. Katika nyumba hizo aliyeongeza ghorofa alihitaji ridhaa mbili, ya kaunti na ya mwenye ardhi, na mara nyingi hakuchukua hata moja. Mapatano ya wazee yalikuwa ya mdomo, na waliyoyashuhudia wamekwisha tangulia mbele ya haki. Mwenye ardhi akija kesho akasema aliruhusu nyumba ya chini tu, mnunuzi atamjibu nini? Na ikiwa ardhi ni ya wakfu, mambo huzidi uzito, kwa kuwa mali ya wakfu haiuzwi, na ruhusa hutafutwa kwa msimamizi wake au kwa Tume ya Wakfu.

Basi dada zetu, na hasa nyinyi mnaonunua bila ya mume wala kaka wa kuwasimamia, msione haya kuuliza. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya ya kuuliza mali yako inakwenda wapi haikutakiwa na dini. Mwambieni muuzaji alete ramani zilizopitishwa, zenye muhuri, kisha zipelekeni wenyewe katika ofisi ya mipango ya kaunti mkahakikishe kwamba zimesajiliwa huko, kwa kuwa muhuri siku hizi huchongwa hata uchochoroni. Halafu simameni mbele ya nyumba na ramani mkononi. Hesabuni ghorofa. Hesabuni vyumba. Ramani ikiwa na ghorofa moja na macho yanaona mbili, jawabu mmelipata bila ya wakili. Waulizeni majirani ni lini palijengwa na nani aliyejenga. Bibi anayekaa barazani mkabala na nyumba hujua mengi kuliko dalali, naye halipwi asilimia. Tafuteni mhandisi aliyesajiliwa apite siku moja kutazama kuta na nguzo. Ujira wake utaonekana mkubwa mpaka uulinganishe na bei ya nyumba. Na msitosheke na upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, ijapokuwa ni wa lazima. Hati hukwambia kiwanja ni cha nani, haikwambii kilichojengwa juu yake kilijengwaje.

Kisha yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana na kushuhudisha, na sheria ya Kenya nayo yataka mapatano ya kuuziana ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe saini na kushuhudiwa. Andikeni humo kwamba muuzaji anathibitisha ujenzi wote una kibali, au kwamba sehemu fulani haina na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo. Nyumba isiyo na kibali si haramu kuiuza kwa sababu hiyo peke yake. Mnunuzi aliyeelezwa wazi, akaridhika, akapunguziwa, amenunua aibu kwa macho yake na hana malalamiko kwa muuzaji. Lakini lile sharti la "kama ilivyo" wanalolipenda madalali lisiwatishe. Katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji anayejivua na aibu zote havuki nalo isipokuwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Nyumba si mnyama, na karatasi inayokosekana mwenyewe aijua.

Na aliyekwisha kununua? Hapa wengi hupoteza haki yao kwa upole. Khiyari ya aibu kwa Mashafi'i ni ya papo kwa papo. Mnunuzi akiijua aibu leo, kisha akaendelea kupangisha na kutia vigae vipya kana kwamba hakuna kitu, amekuwa kama aliyeridhika. Amjulishe muuzaji mara moja, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Hapo wanaweza kuvunja mauzo, au wakasuluhishana kwa kurudishiwa sehemu ya bei. Ikiwa ilani ya kaunti imeshafika, sheria inampa siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango, na siku hizo huhesabiwa tangu alipokabidhiwa. Si za kuzipitisha katika vikao vya aila. Yamkini pia jengo likaombewa idhini baada ya kujengwa, kwa ramani mpya na kauli ya mhandisi, na kaunti ikakubali, ikataka marekebisho, au ikakataa. Kesi ya mauzo yenyewe haipelekwi kwa Kadhi, kama tunavyoona watu wakifanya. Katiba, katika kifungu cha 170, imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Ugomvi wa ununuzi wa ardhi na nyumba una mahakama zake.

Limebaki moja linalohusu warithi. Mara nyingi ghorofa isiyo na kibali ilijengwa na mtoto mmoja kwa fedha zake, juu ya nyumba ya baba, baba akiwa hai na kunyamaza. Baba akifariki, ndugu huona nyumba nzima ni tirka, na yule mtoto huona ghorofa ni yake. Je, alimpa babake zawadi, alimkopesha, au alijijengea kwa ruhusa? Swali hilo ni la mirathi, na mahali pake ni kwa Kadhi kabla nyumba haijatangazwa kuuzwa. Mnunuzi akikuta warithi hawajalimaliza, asitoe hata arubuni.