Taa ya Scutari na Manyatta ya Wajir

Filamu ya mwaka 1951 iitwayo The Lady with a Lamp (Bibi Mwenye Taa), ambamo Anna Neagle aliigiza kama Florence Nightingale, inasimulia habari za muuguzi aliyefika Scutari, nchini Uturuki, mwezi Novemba 1854 wakati wa Vita vya Crimea, akiwa na wauguzi 38, na kukuta askari wengi wakiuawa na maradhi kuliko majeraha. Taa hupendeza machoni, lakini kilichogeuza hospitali ni mifereji ya maji machafu, nguo safi na madaftari ya hesabu za vifo, mambo ambayo ni taabu kuyaigiza.

Taabu hiyo ingemkabili pia mtunzi wa tamthilia kama hiyo Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ingawa mhusika hahitaji kubuniwa. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria wala si uuguzi, alifika Kenya mwaka 1969, akaishi miaka mingi Wajir, katika mkoa uliosimamiwa kutoka Garissa na uliokuwa umetoka karibuni katika vita vya shifta, yaani waasi waliotaka kujitenga na Kenya. Tiba ya kifua kikuu wakati huo ilichukua mwaka au zaidi, na mfugaji ambaye ngamia wake wanafuata malisho hangeweza kulala wodini muda wote huo; kikohozi kilipopungua alijiondokea, na ugonjwa ukamrudia. Katika mradi wa majaribio ulioanza mwaka 1976, Tonelli aliihamishia wodi nje: wagonjwa walikaa katika manyatta karibu na kituo chake, kwenye aqal, yaani vibanda vya fito zilizopindwa na kuezekwa mikeka, kwa miezi 6 ya tiba fupi, huku kila mmoja akimeza dawa mbele ya mhudumu. Kumeza dawa chini ya uangalizi ndicho kiini cha mkakati wa DOTS, ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza katika miaka ya 1990.

Kamera, bila shaka, ingekimbilia Wagalla, karibu na Wajir, ambako mwezi Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji na kuwaua wengi. Serikali ilikiri vifo 57, ilhali makadirio mengine yanakaribia 1,000. Tonelli alikusanya maiti, akawahudumia walionusurika na kusaidia habari kuvuka mipaka, na mwaka 1985 akalazimika kuondoka Kenya. Baadaye aliendelea kutibu kifua kikuu Borama, Somaliland, ambako alipigwa risasi tarehe 5 Oktoba 2003 katika hospitali aliyoianzisha, miezi michache baada ya kupewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi.