Kuvu Inavyofungua Fosfeti Iliyomo Mwambani

Mwamba wa fosfeti unaochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, humfaa zaidi mkulima mwenye udongo wa tindikali. Kwingineko fosfeti hubaki imeshikwa na kalsiamu, na mahindi hayaipati. Viwandani huachanishwa kwa tindikali kali, njia yenye gharama. Kuvu iitwayo Aspergillus niger huifanya kazi hiyo taratibu: ikilishwa mabaki yenye sukari hutoa tindikali ya oksaliki, ambayo huinasa kalsiamu na kuiachia fosfeti. Watafiti wa Granada, Hispania, waliiotesha juu ya machicha ya viazisukari yaliyochanganywa na unga wa mwamba. Machicha hayo ndiyo muhimu. Kuvu isiyo na chakula haitoi tindikali ya kutosha. Wananchi wasijaribu majumbani, kwani vumbi lake laweza kudhuru mapafu.