Unauza Datsun ya mzee iliyokimbia Safari? Soma hii kabla ya kutaja bei

Mzee alikuachia Datsun 1600 SSS. Imelala nyuma ya nyumba chini ya turubai. Injini si ile iliyotoka nayo kiwandani, ndani kumechomelewa vyuma vya kinga, na mlangoni bado kunaonekana alama ya duara lililobeba nambari ya mashindano.

Jirani anakwambia hiyo ni chuma chakavu. Mtu mwingine kwenye WhatsApp anakwambia umekalia mali. Sasa nani mkweli?

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Kinachotofautisha bei ya chuma chakavu na bei ya gari la historia ni ushahidi ulio nao mkononi.

Kwa nini gari hili lina jina

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikiitwa Coronation Safari, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, aliyekuwa akiishi Kenya, na msaidizi wake Hans Schüller walizishinda kwa Datsun 1600 SSS. Herufi hizo tatu zinasimamia sedani ya michezo: injini ya lita 1.6 yenye kabureta mbili, na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja lina springi yake na hucheza peke yake. Kwenye barabara ya mashimo, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Baadaye Shekhar Mehta alishinda mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ya familia ya Violet, ile wengi wanaikumbuka kama 160J. Ndiyo maana mtu mzima akisikia Datsun, anaisikia Safari.

Hapo ndipo wauzaji wengi huteleza.

1. Usiseme "ilikimbia Safari" kama huna ushahidi

Magari ya timu ya kiwanda yalikuwa machache. Mengi yaliyoshiriki yalikuwa ya watu binafsi, na mengine hayakuwahi kushiriki kabisa. Yalibandikwa stika tu kwa sababu mwenyewe alipenda mbio.

Tafuta picha ya zamani inayoonyesha nambari ya usajili, kadi za muda za mashindano, kijitabu chenye orodha ya washiriki, au risiti za gereji. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, ina magazeti ya zamani unayoweza kupekua.

Usipopata kitu, andika hivi: "Familia inasema ilishiriki, lakini sina uthibitisho." Mnunuzi makini atakuheshimu. Ukidanganya akagundua baadaye, anaweza kukudai pesa zake mahakamani.

2. Soma nambari kabla mnunuzi hajazisoma

Fungua boneti. Kwenye Datsun 1600, nambari ya chasi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Nambari ya injini iko kwenye bloku, na huanza na aina yake. Ikianza na L16, hiyo ni lita 1.6. Ukiona L18 au L20B, injini ilibadilishwa. Wapo pia waliotia SR20 ya Nissan za miaka ya 1990.

Linganisha na logibuku. Kama injini haifanani na iliyoandikwa, tengeneza rekodi kwanza NTSA, na ujiandae gari kukaguliwa. Na kama chasi haifanani, simama hapo hapo. Magari ya mbio yaligongwa na kubadilishwa bodi, kwa hiyo huenda kuna maelezo, lakini hakuna mtu makini atakayelipa kabla ya kuyapata.

3. Usikimbilie kuirudisha asili, wala kuiongezea

Waliotaka mbio husifia kabureta kubwa, shokamzoba ngumu na breki za gari jingine. Wakusanyaji wa magari ya zamani wanataka ilivyotoka kiwandani. Huwezi kuwaridhisha wote.

Cha kufanya ni kutafuta spea za zamani. Ile kabureta iliyotupwa stoo, usukani wa kwanza, hata rimu zenye kutu, vyote viuzwe pamoja na gari. Mabadiliko yanayoweza kurudishwa hayamwogopeshi mnunuzi. Bodi iliyokatwa ndiyo humwogopesha.

Rangi mpya nayo usiipige. Rangi ya jana juu ya bodi ya miaka 50 humfanya mtu aulize umeficha nini. Osha gari, kisha piga picha kutu ilivyo.

4. Mjue mnunuzi wako

Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani. Anayetaka kukimbia humo atauliza uimara wa bodi na vyuma vya kinga kuliko mng'aro wa viti.

Anaweza pia kuulizia pasipoti ya kiufundi ya FIA ya magari ya kihistoria. Karatasi hiyo hueleza gari limeundwaje kwa ajili ya mashindano. Haithibitishi kwamba ndilo lililokimbia mwaka fulani. Usiitumie kama cheti cha historia.

5. Gari la marehemu lina utaratibu wake

Kama mzee alishatangulia mbele za haki na logibuku bado ina jina lake, usiuze. Kwa sheria ya Kenya, kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijakupa mamlaka ya mirathi ni kosa, hata kama ndugu wote wamekubali kwa mdomo.

Karatasi zikikaa sawa, pokea pesa kwa benki, kisha anzisha uhamisho kupitia eCitizen na uhakikishe mnunuzi ameukubali. Asipokubali, gari bado ni lako kwenye rekodi, na makosa yake ya barabarani yatakutafuta wewe.

Bei sasa?

Usijumlishe kila shilingi iliyotumika kwenye injini ukadhani itarudi. Mnunuzi analipia gari analoliona na historia unayoweza kuithibitisha, basi.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia dalali, mpigie shangazi. Muulize ile albamu ya picha za mzee iko wapi. Huenda picha moja humo ikawa na thamani kuliko injini nzima.