Kocha Mwenye Mpira Usio na Upepo

Mjini Kindu, mkoani Maniema nchini Kongo, ukitaja kocha, watu wanafikiria klabu ya Maniema Union na kandanda. Kocha wa namna hiyo ameajiriwa na klabu, anadaiwa ushindi kila wiki, na wachezaji wake ni watu wazima wenye mikataba. Kama mmoja wao aliacha shule akiwa mtoto, klabu haina la kuuliza.

Marekani wana kocha wa aina nyingine. Ni mtumishi wa chuo kikuu, kama alivyo profesa au mtunza maktaba, na wachezaji wake ni wanafunzi. Ndiye anayezunguka kutafuta vijana, ndiye anayekaa na wazazi wao kuwashawishi, na ndiye anayeamua nani apewe ufadhili. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliiruhusu timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya daraja la juu kuwa na nafasi 13 tu za ufadhili, kila moja ikibeba ada, malazi, chakula na vitabu. Kabla hajachora mbinu yoyote ubaoni, kocha huyu ameshagawa nafasi za masomo.

Mkongo ana sababu ya kulifikiria jambo hili kwa makini. Kijana anayemaliza sekondari Tunda, kusini mwa Kindu, huku akitamani siku moja kutibu wagonjwa katika hospitali ya Wamethodisti iliyo hapo hapo kwao, atatafuta njia kupitia Kindu, Kisangani au Lubumbashi. Katika njia hiyo yote hatakutana na kocha. Michezo yetu ni ya klabu na ya mitaa. Masomo yana mlango wake mwingine.

Mwaka 1987 kijana wa Kinshasa mwenye ndoto hiyo hiyo ya udaktari alifika Washington. Dikembe Mutombo alikuwa na umri wa miaka 21, mtoto wa mwalimu, na ufadhili wake ulitoka USAID, lililokuwa shirika la misaada la serikali ya Marekani. Alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown kusoma. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Lakini mtu mwenye urefu wa mita 2.18 hawezi kupita katika viwanja vya chuo bila kuonekana, na kocha wa Georgetown aliitwa John Thompson.

Thompson alizaliwa Washington mwaka 1941. Alichezea Chuo cha Providence, kisha Boston Celtics, ambako alikuwa mchezaji wa akiba nyuma ya Bill Russell na kupata ubingwa wa NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, mara mbili, 1965 na 1966. Baada ya hapo aliachana na NBA akarudi nyumbani kufundisha St. Anthony, shule ya sekondari ya Kikatoliki. Kwa miaka sita timu yake ilishinda michezo 122 na kupoteza 28. Georgetown ilimwajiri mwaka 1972, ikitoka katika msimu wa ushindi mara 3 na kufungwa mara 23. Alikaa hapo miaka 27 na kuondoka na ushindi 596.

Ngazi hiyo, kutoka sekondari hadi chuo, ni ya kawaida katika kazi hii. Jim Calhoun naye alianzia sekondari, akafundisha Northeastern miaka 14, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut miaka 26, akatwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Watanzania wanamjua kupitia Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyesoma na kucheza kwake hadi mwaka 2009, alipochaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wote wapya wa NBA. Na aliyeanzisha kazi yenyewe ni James Naismith, mvumbuzi wa mpira wa kikapu mwaka 1891, aliyekuja kuwa kocha wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kansas. Alishinda michezo 55, akafungwa 60. Mvumbuzi wa mchezo ndiye kocha pekee wa Kansas aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda!

Tumrudie Thompson, maana kwake kazi hii inaonekana kwa ukamilifu.

Alipotoka St. Anthony alikuja na Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa. Kazi ya Fenlon haikuhusu mpira hata kidogo: alifuatilia masomo ya wachezaji, nani amehudhuria darasa na nani amechelewesha insha. Siku ya mchezo alikaa kwenye benchi pamoja na makocha, na kila mchezaji alipogeuza macho alimwona. Ofisini Thompson aliweka mpira wa kikapu usio na upepo. Kijana akiingia alitakiwa autazame na ajiulize atabaki na nini mpira ukiisha pumzi. Matokeo yake yanahesabika: kati ya wachezaji waliokaa naye miaka minne, asilimia 97 walipata shahada.

Aprili 1984 Georgetown iliifunga Houston 84 kwa 75 na kutwaa ubingwa wa taifa. Houston ilikuwa na Hakeem Olajuwon wa Lagos. Georgetown ilikuwa na Patrick Ewing, mzaliwa wa Jamaika. Thompson akawa kocha mkuu Mweusi wa kwanza kuushinda ubingwa huo. Hakupenda kupongezwa kwa sifa hiyo, na alieleza kwa nini: ingeonekana kana kwamba waliomtangulia walikosa uwezo, wakati walichokosa ni nafasi.

Msimamo huo ulijaribiwa Januari 1989. NCAA ilikuwa imepitisha kanuni iliyoitwa Pendekezo la 42, ya kuwanyima ufadhili wa michezo wanafunzi wapya ambao alama zao za shule au za mtihani wa kuingilia chuo hazikufikia kiwango. Kwa macho ya juu juu kanuni hiyo inatetea elimu. Thompson aliona inamfungia mlango mtoto wa shule maskini, hasa Mweusi, kwa mtihani ambao shule yake haikumwandaa kuufanya. Tarehe 14 Januari, dakika chache kabla ya mchezo na Boston College, alitoka uwanjani mbele ya watazamaji waliosimama kumshangilia. Alisusa na mchezo uliofuata pia. Mwaka uliofuata kanuni ililegezwa. Kocha wa klabu hana mahali pa kugomea jambo la namna hiyo. Mlango wa shule haumhusu.

Katika miaka hiyo hiyo Rayful Edmond, mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya wa Washington, alianza kuzoeana na baadhi ya vijana wa Georgetown. Thompson alimwita ofisini na kumwambia ana kwa ana akae mbali na wachezaji wake. Edmond alitii. Si kazi iliyoandikwa katika mkataba wowote, ila wazazi wanapomkabidhi kocha mtoto wa miaka 18, huwa wanamkabidhi na hatari za mjini.

Thompson alikuwa na lawama zake. Aliwaficha wachezaji wasiongee na waandishi wa habari, akafunga milango ya mazoezi. Mwaka 1991 aliingia katika bodi ya wakurugenzi ya kampuni ya viatu ya Nike, ilhali kanuni za NCAA ziliwakataza vijana waliovaa viatu hivyo kulipwa chochote. Mfumo wote ulikuwa hivyo, na makocha wa vyuo vikubwa wamezidi kutajirika tangu wakati huo. Katika majimbo kadhaa ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, akimzidi gavana, ni kocha.

Mutombo aliingia katika timu msimu wa 1988–89, akiwa akiba nyuma ya Alonzo Mourning. Katika mchezo mmoja dhidi ya St. John's alizuia mipira 12. Udaktari aliuacha, kwani mazoezi na maabara havikupatana, lakini darasa hakuliacha. Alifanya mafunzo ya kazi katika Bunge la Marekani na Benki ya Dunia, na mwaka 1991 alihitimu shahada ya isimu na diplomasia. Mwaka huo huo Denver Nuggets ya NBA walimchagua wa nne. Alicheza misimu 18, na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Thompson alifariki Agosti 2020. Mutombo Septemba 2024.

Kazi waliyoijua wao imebadilika sana. Tangu mwaka 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaweza kumgawia sehemu ya mapato. Kuhama chuo nako kumekuwa rahisi, kwa hiyo kocha anaanza kuwashawishi upya vijana wake kila mwaka. Wengine hawapiti chuoni kabisa: Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alijiunga mwaka 2020 na Ignite, timu ya NBA ya kulea vipaji iliyokuwapo hadi 2024, akachaguliwa wa saba mwaka 2021.

Kwa kijana wa Maniema kuna kikwazo kimoja ambacho matangazo ya mitandaoni hayakitaji. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, ya daraja la F-1, na viza hiyo inabana sana kazi za kulipwa. Mwenzake Mmarekani anaweza kutangaza viatu na kupokea hundi. Yeye akifanya hivyo akiwa ndani ya nchi hiyo anahatarisha ukaazi wake. Ahadi ya fedha anayopewa na wakala aipime kwa hilo. Kitu ambacho kocha anaweza kumpa bila utata wa kisheria bado ni kile Thompson alichowapa vijana wake: ufadhili wa masomo, nafasi ya kucheza, na mtu wa kuuliza kama jana alikuwa darasani.