Sukari Hufunua Kijidudu cha Homa

Mama mmoja wa Musonoi alileta mtoto wake hospitalini. Mtoto alikuwa na homa siku nane, kichwa chamuuma, tumbo limejaa, hataki kula. Tukamtoa damu. Mama akauliza, "Munganga, mbona hamsemi leo ni ugonjwa gani? Tungoje siku ngapi?" Swali lake ni jema, nami nataka kulijibu kwa ajili ya ninyi nyote.

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita tifoide, huletwa na kijidudu chenye umbo la kijiti kifupi. Lakini tumboni mwa kila mtu, hata mzima, mna vijidudu vingine viitwavyo koli, navyo vina umbo lile lile. Hata kwa mikroskopi huwezi kuvipambanua. Basi tutavijuaje? Twavipa chakula, kisha twaangalia vinakula nini.

Ninyi mnajua munkoyo. Ukiulaza, unachachuka na kutoa povu. Ni kazi ya vijidudu: vimekula sukari, vikaacha uchachu na hewa. Lakini si kila kijidudu kiwezacho kula kila sukari.

Katika laboratwari, damu hutiwa kwanza katika chupa yenye mchuzi wa kulisha vijidudu, ikawekwa penye joto kama la mwili. Vikiota, fundi huchukua kidogo na kuvipanda katika kichupa chembamba. Ndani yake mna chakula kilichogandishwa chenye sukari mbili: glukosi kidogo, na sukari ya maziwa mara kumi zaidi. Tena mna rangi nyekundu, ambayo hugeuka njano ikipata uchachu. Kichupa hulala usiku mzima.

Asubuhi fundi hukitazama. Koli hula sukari zote mbili: kichupa chote ni njano, na hewa imepasua chakula. Kijidudu cha tifoide hula glukosi tu, wala hakitoi hewa. Sukari ya maziwa hakiiwezi. Basi chini ni njano, juu ni nyekundu. Lakini viko vingine visivyokula sukari ya maziwa, kwa hiyo fundi huongeza majaribio kabla ya kujibu. Mwisho hujaribu dawa, ajue ipi itakiua.

Ndiyo sababu twangoja. Lakini mgonjwa haachwi bila msaada: damu ikiisha kutolewa, munganga aweza kuanza dawa, akaibadili jibu likija. Kosa ni kumeza vidonge vya sokoni kwanza. Vidonge vichache hudhoofisha vijidudu bila kuvimaliza. Katika chupa havioti, nasi twabaki gizani. Na tifoide isiyotibiwa vema yaweza kutoboa utumbo. Kule Kinshasa, tangu Septemba 2004 hata Januari 2005, waliugua watu zaidi ya 42,000, na zaidi ya 200 wakafa. Mamia walitoboka utumbo.

Mama yule hakuwa amempa mtoto kidonge cho chote. Siku ya nne jibu likaja: chini njano, juu nyekundu, na majaribio mengine yakathibitisha. Dawa ilijulikana, na mtoto akapona.

Basi, ndugu, chemsheni maji ya kunywa, naweni mikono kwa sabuni mtokapo chooni, funikeni chakula. Na homa ikizidi siku tatu, msianze sokoni. Leteni mgonjwa kwanza.